Kibati cha dola 10: mambo ya teksi za New York

  

Wiki iliyopita mdogo wangu wa Tabata alinipigia simu. Anataka nimuongezee hela achukue gari kwa mkopo, aliingize kwenye hizi programu za kubeba abiria. Nikamwambia subiri kwanza, nitakuandikia. Na kwa kuwa wengine pia mmeshaniuliza jambo hilo hilo, naandika hapa tusome wote.

Mnakumbuka nilipofika New York niliendesha teksi ya njano, kuanzia 2004. Ile picha niliyowatumia nimeegemea gari mliisambaza ukoo mzima. Sasa picha haikusema kwamba gari si langu. Nilikuwa deiwaka, kama deiwaka wa Kariakoo tu. Unamlipa mwenye gari zaidi ya dola 100 kwa zamu ya saa 12, mafuta juu yako, ndipo uanze kutafuta chako. Kuna Jumatatu nilirudi nyumbani na dola 30.

Juu ya boneti ya kila teksi ya njano kumepigiliwa kibati. Wenyewe wanakiita medalioni. Nilipoanza kuendesha, bila hicho hukuruhusiwa kuokota abiria anayepunga mkono barabarani. Hadithi ya kibati hicho ndiyo nataka mdogo wangu aijue.

Teksi za mafuta zenye mita ziliingia mji huu 1907. Miaka ile mambo yalikwenda tu, kila mtu na gari lake. Shida ilikuja baada ya uchumi kuanguka 1929. Watu walikosa kazi, na mwenye gari au anayeweza kukodi gari akageuka dereva. Teksi zikawa nyingi kuliko abiria, nauli zikashuka, madereva wakawa wanakesha barabarani na bado hawapati cha kula. Mapema 1934 waligoma, na kulikuwa na vurugu mitaani. Mwaka 1937 meya Fiorello La Guardia akatia saini sheria iitwayo Haas, idadi ya teksi ikawekewa kikomo. Ada ya kibati ilikuwa dola 10. Kumi jamani! Baadaye idadi ikatulia kwenye 11,787 na ikaganda hapo mpaka 1996.

Kwa nia ile ya kumlinda dereva asife njaa, mimi siwalaumu. Ila kibati kiliruhusiwa kuuzwa na kurithishwa. Mji unakua, watu wanaongezeka, vibati ni vile vile. Mnajua wenyewe kitu kikiadimika kinakuwaje. Polepole dereva na mwenye kibati wakawa watu wawili tofauti, na kuanzia 1979 ikawa halali kabisa kumkodisha dereva gari kwa zamu. Yaani sheria iliyotungwa kumuokoa dereva ikamzaa tajiri, na dereva akawa wa kupeleka hesabu.

Kulikuwa na jambo jingine lililotuuma sisi weusi. Teksi za njano zilikuwa hazipendi kwenda Harlem wala Bronx, na nyingine zilikupita umesimama na mkono juu. Mwaka 1999 mwigizaji Danny Glover, mtu mwenye jina lake, alilalamika hadharani kwamba teksi zimemkataa. Ndiyo maana mitaani kwetu watu walipanda teksi bubu. Naam, teksi bubu, kama zile za Dar, na wala hazikujificha sana.

Mwaka 2007 dalali mmoja alinikalisha ofisini kwake Queens, akaniagizia kahawa. Kibati cha dereva binafsi wakati huo kilikuwa kama dola 400,000. Akasema weka kidogo tu, iliyobaki utakopeshwa, bei yake haishuki hii. Nikampigia mama simu. Akauliza, "Kwani hilo gari ni shilingi ngapi?" Nikamwambia mama, si gari, ni kibati tu, gari unajinunulia mwenyewe. Mama alicheka mpaka kadi ya simu ikaisha. Basi nikaacha. Nisijifanye mjanja, niliacha kwa sababu hata hiyo "kidogo" sikuwa nayo.

Rafiki yangu Mbangladeshi, tuliyekuwa tunapokezana gari, yeye alichukua. Na kwa miaka kadhaa alionekana mwenye akili kuliko sisi wote. Kufikia 2014 kibati kilipita dola milioni moja. Wakopeshaji wakamfuata wenyewe, chukua nyingine juu ya thamani hii, akachukua, akasomesha watoto. Jiji nalo lilikuwa linauza vibati vipya kwa mnada na kuvisifia kwenye matangazo kwamba ni uwekezaji mzuri. Serikali ikisifia, nani atauliza?

Uber walikuwa wameshaingia tangu 2011. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kikomo cha 1937 kilihusu gari linalosimamishwa kwa mkono barabarani. Gari linaloitwa kwa simu lilikuwa kundi jingine, na kundi hilo halikuwa na kikomo. Bronx tulifurahi, nisiseme uongo. Gari linakuja mpaka mlangoni bila kukuangalia sura. Lakini magari yakaingia kama mvua. Mwaka 2015 meya Bill de Blasio alitaka kuweka kikomo, kampuni ikapambana naye kwa matangazo, akarudi nyuma. Kufikia 2018 magari ya kuitwa yalipita 100,000, na katikati ya Manhattan mtu wa miguu alikuwa anakuacha kwenye foleni. Ilikuwa 1934 imerudi.

Mwaka huo wa 2018 madereva kadhaa walijiua, mmoja wao mbele ya ofisi kuu za jiji. Agosti baraza la jiji likasimamisha leseni mpya, na mwaka uliofuata kikaanza kima cha chini cha malipo kwa madereva wa programu. Kwa wenye vibati ilikuwa usiku umeshaingia. Vilikuwa vinauzwa chini ya dola 200,000, na rafiki yangu alikuwa anadaiwa zaidi ya 600,000.

Oktoba 2021 madereva waligoma kula nje ya ofisi za jiji. Nilikwenda kumuona, midomo imekauka, anacheka tu. Siku ya 15 walikubaliwa. Mikopo ishuke hadi dola 170,000, jiji lidhamini, marejesho yasizidi dola 1,122 kwa mwezi. Kati ya waliogoma kula nao alikuwepo mbunge kijana wa jimbo, mzaliwa wa Kampala, Zohran Mamdani. Ndiye huyo huyo aliyechaguliwa meya Novemba 2025.

Na huko nyumbani mmeshaionja kidogo. Mwaka 2022 LATRA ilishusha kamisheni ya kampuni hadi asilimia 15, Uber wakafunga huduma Aprili, wakarudi mapema 2023 kamisheni ilipopandishwa tena. Aliyekuwa na gari la mkopo miezi ile alikuwa anamlipa nani na kwa kitu gani?

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla sijatuma hela nataka uniandikie mambo haya: marejesho ni kiasi gani kwa wiki, kamisheni leo ni asilimia ngapi, na mwaka jana kijiweni kwako yalikuwepo magari mangapi na sasa ni mangapi. Usimuulize dalali wa magari. Kaa na deiwaka wawili watatu pale Tabata, wanunulie chai, wakwambie wanabaki na nini jioni. Hesabu ikitoka, tarehe 15 nitatuma.

Mama nisalimieni sana. Mwambieni yule Mbangladeshi bado anaendesha, na swali lake la shilingi ngapi nilimsimulia, akacheka kuliko yeye.