Baiti ya 192

Kwenye maduara ya Nyarugusu, mkoani Geita, hesabu ya mifuko ya mawe ni hesabu ya chakula cha watu. Mwenye duara mmoja aliniomba niitoe kwenye kauntabuku niiingize kwenye kompyuta. Niliandika programu ndogo kwa lugha ya C: kila mchimbaji baiti 64, wote wakifuatana katika faili moja.

Faili lina kitu kama kidole, kinachoonyesha pa kusoma au pa kuandika. Zamani, kwenye utepe wa sumaku, kukipeleka mbali kulitaka kuuzungusha utepe mpaka pafikiwe. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, mashine ya sahani 50, na mkono wake ukaenda moja kwa moja palipotakiwa. Baadaye Unix ikaleta amri ya kukisogeza kidole hicho, seek. Kwenye PDP-11 namba yake ilikuwa ya biti 16, haivuki 65,535. Kwenda mbali zaidi ilibidi uhesabu kwa mafungu ya baiti 512. Toleo la saba, mwaka 1979, likaleta lseek, ambayo herufi yake ya kwanza inasimamia namba ndefu.

Urahisi huo wa kuruka ndio ulioniponza. Jioni moja nilitaka kusahihisha mifuko ya mchimbaji wa tatu. Nikazidisha 3 kwa 64, nikarukia baiti ya 192. Lakini faili huhesabiwa kuanzia sifuri: wa kwanza yuko 0, wa tatu yuko 128. Kwenye 192 anaanza wa nne. Na faili halijisogezi kumpisha mgeni. Kinachoandikwa katikati hukaa juu ya kilichokuwapo. Programu haikulalamika.

Siku ya mgawo mzee mmoja alisubiri jina lake mpaka orodha ikaisha. Akaniuliza, "Kijana, mimi nimeenda wapi?"

Mwenzake alikuwa ametajwa mara mbili.

"Nisamehe, mzee," nikasema, nikafungua kauntabuku. Humo kosa hukatwa kwa mstari, na namba ya zamani bado husomeka. Mifuko yake 11 ilikuwapo.

Siku hizi nafungua faili kwa kuongeza tu: kila ninapoandika, kidole hupelekwa mwisho kwanza. Sahihisho linakaa chini, na tarehe yake, na kosa linabaki juu linaonekana. Kauntabuku nayo bado iko mezani.