Plasta yenye dawa

Plasta yenye dawa ni utepe wa kunata wenye kipande cha kitambaa kilichotiwa kiua vijidudu, mara nyingi benzalkoniamu au akrinoli ya manjano. Plasta ya kawaida, isiyo na dawa, ilibuniwa na Earle Dickson nchini Marekani mwaka 1920. 

Hata hivyo, kinachoponya zaidi si ile dawa. Ni kidogo, na haifiki chini ya vumbi lililoganda kwenye jeraha. Uchafu huo huondolewa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kazi kubwa ya plasta ni kufunika. Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba ngozi mpya huota upesi kidonda kikibaki na unyevu kuliko kikiachwa kikauke. Wapo wanaoshikilia kwamba kidonda kisipopigwa na upepo huoza. Wana sababu, kwani plasta iliyolowa jasho au matope hulea vijidudu. Lakini dawa yake ni kuibadilisha kila siku na kila inapolowa, wala si kuwaachia nzi kidonda. Plasta haizuii pepopunda, ambayo vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye samadi. Aliyechomwa na msumari au kukatwa na jembe aende zahanati akaulizie chanjo, hata kama tundu ni dogo.