Gwaride Bila Bunduki: Ngoma ya Beni na Malezi ya Uanaume katika Miji ya Pwani, 1890–1935

Utangulizi

Katika mijadala ya leo kuhusu ukatili wa wanaume, hoja mbili hukutwa mara kwa mara. Ya kwanza hudai kwamba ubabe ni mila, na kwamba wavulana walilelewa hivyo tangu jadi. Ya pili hudai kwamba ubabe ni zao la ukoloni, kana kwamba kabla ya kiboko cha Mjerumani hapakuwa na mwanamume mkali. Hoja hizi hupingana, lakini zina kasoro moja. Zote humchukulia kijana kama chombo kinachojazwa na wengine, iwe ni wazee au wakoloni, wala hazimuulizi alichokifanya yeye mwenyewe kwa yale aliyofunzwa.

Insha hii inachunguza ngoma ya beni kama mahali ambapo swali hilo linaweza kuulizwa. Inadai kwamba beni ilikuwa chuo cha uanaume ambacho vijana wa pwani walijiundia wenyewe. Ndani ya chuo hicho ukali haukufutwa, bali uliwekewa kanuni. Inadai pia kwamba kanuni hizo zilikuwa na gharama, na kwamba gharama hiyo haikubebwa na wanaume peke yao.

Kumbini na kambini

Mwishoni mwa karne ya 19 kijana wa pwani alikuwa na shule mbili za uanaume mbele ya macho yake. Shule ya kwanza ilikuwa jando. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa eneo la Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, ni miongoni mwa walioieleza kwa lugha yetu, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903. Kumbini mvulana alikabidhiwa kwa ngariba na walezi wake. Alitakiwa kustahimili maumivu bila kulia, kutunza siri na kuwatii waliomtangulia. Ukali ulikuwapo, lakini alielekezewa yeye mwenyewe, nao ulikuwa na siku ya mwisho. Alipotoka alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Hata hivyo, jando halikumpa mali, mke wala nasaba. Hilo lilikuwa jambo zito katika miji ambamo vijana wengi walikuwa watumwa, watoto wa watumwa au wageni kutoka bara. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Sheria iliweza kumwondolea kijana jina la mtumwa, lakini haikuweza kumpa uungwana. Huo ulipaswa kutafutwa, tena mbele ya watu.

Shule ya pili ilikuwa kambi ya askari. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alileta jeshi la kukodiwa, wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri pamoja na vijana kutoka Msumbiji, ili kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Tangu hapo askari alikuwa sehemu ya maisha ya mji. Alikuwa na sare, mshahara na amri ya kuchapa, na adhabu ya hamsa wa ishirini, yaani viboko 25, ikawa alama ya utawala. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 vilionyesha kikomo cha somo hilo, kwani jeshi lilichoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kambi ilifundisha kwamba mwanamume ni yule awezaye kumwumiza asiyeweza kumrudishia.

Mpinzani anayehitajika

Beni ilizuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, na jina lake linatokana na neno bendi. Wachezaji walivaa sare, walipiga ngoma na tarumbeta, walikwenda kwa hatua za gwaride na kupeana vyeo, kuanzia Kingi na majenerali hadi madaktari. Daima vikundi vilikuwa viwili vinavyoshindana. Lamu ushindani uliegemea mgawanyiko wa zamani wa Mkomani na Langoni. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi. Upande wa Tanga na Dar es Salaam walijulikana Marini, waliojihesabu watu wa elimu na hadhi, na Arinoti, ambao wengi wao walikuwa vibarua na wageni.

Wapo walioiona beni kuwa uigaji mtupu wa Wazungu, na wapo walioiona kuwa kejeli dhidi yao. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kwamba ushindani huo ulikuwa na mizizi katika ngoma za pwani zilizotangulia ukoloni. Mchango huo ni mkubwa. Swali linalobaki ni la umri na jinsia: kijana aliyeingia katika beni alifunzwa nini kuhusu kuwa mwanamume?

Kwanza, alifunzwa utii alioukubali mwenyewe. Aliamriwa na jenerali ambaye mchana huenda alikuwa mpagazi au karani mwenziwe. Pili, alifunzwa kwamba cheo kina wajibu, kwa kuwa chama kilimpokea mgeni, kilimsaidia mgonjwa na kumzika maiti. Tatu, na hili ndilo kiini cha insha hii, alifunzwa aina nyingine ya kupigana. Silaha zilikuwa wimbo wa kejeli, nguo safi, hatua iliyonyooka na karamu kubwa. Lengo lilikuwa kumwaibisha mpinzani, si kumwangamiza. Mpinzani alipaswa kuwapo kesho ili ajibu, kwa maana bila Arinoti hapakuwa na Marini. Askari alijifunza kwamba adui ni wa kuondolewa, ilhali mcheza beni alijifunza kwamba mpinzani ni wa kutunzwa. Hivyo umbo la nje lilichukuliwa kambini, lakini maana ya ugomvi ilibadilishwa.

Vita vya 1914–1918 viliipa tofauti hiyo uzito mpya. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Walibeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Si ajabu kwamba baada ya vita beni ilistawi na kuenea hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Inawezekana kabisa kwamba mtu aliyerudi bila nishani wala shukrani aliona katika cheo cha beni heshima ambayo serikali haikumpa.

Karamu haijipiki

Ingekuwa kosa kuishia kwenye sifa. Karamu za ushindani zilikula akiba za watu na kuwaingiza katika madeni. Kejeli haikubaki wimbo daima, kwani mara nyingine mashindano yaliishia kwa ngumi. Dharau ya Marini kwa Arinoti ilirudia, kwa mavazi mapya, dharau ya muungwana kwa mtumwa. Kijana aliyekimbia ngazi moja ya ukubwa na udogo alijikuta amejenga nyingine.

Zaidi ya hayo, karamu haijipiki. Mombasa vikundi vya wanawake vya lelemama vilifungamana na vyama vya beni, vikiwa na vyeo na ushindani wao. Wanawake hawakuwa watazamaji tu. Lakini kumbukumbu za watawala, ambazo mtafiti huzitegemea sana, hazimweleweshi nani alipika, nani aliweka rehani mapambo yake, wala nani alikosa posho ili sare inunuliwe. Maofisa waliitazama beni kwa maswali mawili tu: je, ni mchezo wa kitoto, au ni hatari kwa serikali? Swali la nyumbani halikuwahusu. Ukimya huo si ushahidi kwamba gharama haikuwapo. Ni ushahidi wa mipaka ya macho ya mwandishi wa kumbukumbu.

Swali la hatari lilijitokeza waziwazi mwaka 1935. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako beni iliitwa mbeni, wachimbaji waligoma kwa sababu ya kodi. Luanshya polisi walifyatua risasi na kuua watu 6. Tume iliyochunguza machafuko hayo ilichukua muda kujadili nafasi ya vyama vya mbeni. Ni jambo la kuzingatia kwamba mashaka yaliwaangukia waliocheza gwaride bila bunduki, ilhali risasi zilitoka kwa waliocheza gwaride nazo.

Hitimisho

Historia ya beni haiungi mkono dai kwamba ukali wa wanaume ni mila isiyobadilika, wala dai kwamba ni kitu kilichoshushwa melini. Vijana walirithi ustahimilivu wa kumbini, walishuhudia mabavu ya kambini, kisha wakaunda namna ya tatu, ambamo ugomvi ulikuwa na kanuni na mpinzani alikuwa na thamani. Namna hiyo haikuwa safi. Ilitegemea fedha ambazo wengi hawakuwa nazo na kazi ambayo wanawake waliifanya bila kuandikwa.

Kwa mtafiti, funzo ni kwamba uanaume usisomwe katika maagizo ya wazee na sheria za dola pekee. Usomwe pia katika vyama, michezo na magomvi ambayo wavulana walijipangia. Na kila panaposomwa mashindano ya wanaume, swali la pili liulizwe palepale: nani aliyalipia?