Barua Pepe na Mwenye Nyumba

Mtu atakaye kusimamisha seva ya barua pepe nyumbani kwake hudhani kwamba kazi iliyo mbele yake ni ya mitambo tu: apate kompyuta ndogo, aiache ikiwaka usiku na mchana, aitie programu, na barua zianze kuingia. Kuingia zitaingia. Kutoka ndiko kwenye taabu, na asili ya taabu hiyo haimo katika kompyuta yake. Imo katika historia.

Katika mwaka wa 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman katika Massachusetts, Marekani, alipeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET, akachagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mashine zile mbili zilikuwa katika chumba kimoja. Walioandikiana siku zile walikuwa wachache, watu wa vyuo na wa maabara za serikali, na aghalabu walijuana.

Kanuni zilitungwa na watu wa namna hiyo. Agosti 1982 Jon Postel wa California alitangaza zile za kupokezana barua, ziitwazo SMTP, ambazo zingali msingi wa kazi hii. Kompyuta yenye barua huiendea nyingine, hupiga hodi, hujitaja jina, humtaja mwandishi na mwandikiwa, kisha hukabidhi mzigo. Mwenyeji hakuagizwa kudai uthibitisho. Jina lililotajwa lilisadikiwa. Wala haikuwekwa tofauti baina ya chuo kikuu na kibanda: aliyeweza kuzifuata kanuni alikuwa posta kamili. Ajabu ni kwamba Postel huyo huyo alikuwa amekwisha kuandika, Novemba 1975, kwamba kompyuta hazikuwa na njia ya kukataa barua zisizotakiwa. Hatari aliiona; dawa haikuingia katika kanuni.

Kwa miaka mingi kizuizi cha mwanagenzi kilikuwa programu yenyewe. Sendmail, kazi ya Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianza kuenea mwaka wa 1983. Faili lake la maagizo lilisomeka kama hirizi, na kitabu cha kuieleza, katika matoleo ya baadaye, kilipita kurasa 1,000. Wietse Venema alipotoa Postfix mwaka wa 1998, kazi ilipungua uzito sana. Siku hizi mwanagenzi mwenye subira huimaliza sehemu hiyo kwa siku moja.

Lakini programu ilipokuwa nyepesi, imani ilikuwa imekwisha kupotea. Seva za zamani zilikubali kuchukua barua ya mpita njia yeyote na kuipeleka mbele, kwa hisani, kama jahazi lichukuavyo kifurushi cha jirani. Wafanya matangazo wakaifanya hisani hiyo mtaji, hata toleo la Sendmail la 1998 likaifunga, isipokuwa mwenye seva aifungue kwa hiari yake. Mwaka uliotangulia Paul Vixie alikuwa ameanza kutoa orodha ya anwani za kukataliwa. Kisha kompyuta za majumbani, zilizotekwa bila wenyewe kujua, zikatumiwa kumwaga barua taka. Watoaji wengi wa huduma za intaneti wakaufunga mlango namba 25, ambao ndio njia ya barua, na anwani za nyumbani zikaorodheshwa kwa jumla, za wakosefu na za wasio na kosa.

Ndipo zikaja hati za kujithibitisha. SPF, ya mwaka wa 2006, hutangaza ni kompyuta zipi zenye ruhusa ya kuchukua barua za jina fulani. DKIM, ya 2007, huipiga barua muhuri. DMARC, ya 2015, humwelekeza mwenyeji la kufanya na barua isiyothibitika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo humdai kila mpelekaji moja ya zile mbili za kwanza, na wapelekao kwa wingi zote tatu.

Mwanagenzi huyatimiza haya yote, kisha barua yake kwa rafiki ikatupwa katika kapu la taka, kwa kuwa anwani yake ni ngeni na wapokeaji wakubwa hawana habari zake. Wengi huishia kwenye suluhu: za kuingia huzipokea nyumbani, za kutoka humpa mchukuzi wa kukodi mwenye anwani inayojulikana. Kanuni za 1982 hazikumkataza mtu kuzipeleka mwenyewe, na hata leo hazimkatazi.