Udugu kwa Ahadi: Hulka ya Binadamu na Mkataba wa Kijamii katika Fikra za TANU

Nadharia za mkataba wa kijamii zilizoasisiwa Ulaya huanza na mtu mmojammoja. Thomas Hobbes (1651) alimwona binadamu asiye na mtawala kuwa mwenye kuwahofu wenzake, hata akasalimisha uhuru wake ili apate usalama. John Locke (1689) alimpa akili na haki za asili, na serikali ikawa mlinzi wa haki hizo kwa ridhaa ya watawaliwa. Jean-Jacques Rousseau (1762) alitaka kila mtu atii utashi wa wote, ambao ni wake pia. Wote watatu, licha ya tofauti zao, wanaiona dola kuwa zao la makubaliano.

Julius Nyerere alianzia kwingine. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ujamaa, binadamu tayari yumo ndani ya jamaa, na taifa ni jamaa hiyo iliyopanuliwa. Msamiati wenyewe unabeba tofauti hii: neno mkataba lina asili ya mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, na jamaa mzizi wenye maana ya kukusanya. Mkataba huwasubiri wanaoukubali. Jamaa humtangulia anayezaliwa ndani yake.

Hata hivyo, TANU haikuzaliwa katika kijiji cha ukoo mmoja. Iliundwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, kando ya Kariakoo. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakazi wake walitoka pande nyingi za nchi, na wengi walipanga vyumba katika nyumba moja na watu wasio wa damu yao. Katika mazingira hayo, mwanachama wa TANU aliahidi kuwatambua binadamu wote kuwa ndugu zake. Ahadi hiyo ndiyo kiini cha hoja ya makala haya: mtu haahidi kuwa ndugu wa nduguye wa kuzaliwa. Udugu uliodaiwa kuwa wa asili uliingiwa kwa hiari, yaani kwa mkataba.

Azimio la Arusha (1967) lilikwenda mbali zaidi. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti hayo yanaonesha kwamba waandishi wake hawakuuamini udugu peke yake. Waliitambua tamaa ya binadamu, kama Hobbes, na wakamwekea mwenye madaraka mipaka, kama Locke. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM iliyalegeza masharti hayo huko Zanzibar. Walioahidiwa walikuwa wananchi. Waliolegeza walikuwa viongozi.

Kwa hiyo, ujamaa haukuukana mkataba wa kijamii, bali uliuvika lugha ya ukoo. Lugha hiyo iliwafunga wageni kwa wajibu ambao sheria pekee isingeweza kuujenga. Udhaifu wake ni kwamba ndugu haombwi hati, na pasipo hati ni vigumu kumdai aliyevunja ahadi.