Jina katika Tamati: Muhamadi Kijuma na Hadhi ya Mnakili katika Taaluma ya Ushairi wa Kiswahili

Historia ya ushairi wa Kiswahili imezoeleka kuandikwa kama historia ya watunzi. Mnakili, yaani yule aliyeketi na kalamu na wino akaihamisha tungo kutoka kinywani au kutoka karatasi kuukuu hadi karatasi mpya, hutajwa kwa sentensi moja katika dibaji, kisha husahauliwa. Makala haya yanamhusu mnakili mmoja aliyekataa kusahauliwa. Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari wa Lamu, ambaye wahakiki humwita Kijuma na wengine Kijumwa, alizaliwa yapata mwaka wa 1855 na kufariki mwaka wa 1945. Katika miongo ya mwisho ya maisha yake hapakuwa na mtaalamu wa Kizungu wa tungo za Kiswahili cha kaskazini aliyeweza kufanya kazi bila ya kukutana na jina lake. Namna alivyojijengea hadhi hiyo, na athari yake kwa matini zinazofundishwa hadi leo, ni suala ambalo uhakiki haujalipa uzito unaostahili.

Inafaa kwanza kutazama desturi aliyoirithi. Jina la mtunzi si jambo geni katika utendi. Mwana Kupona, katika wasia aliomtungia binti yake mnamo 1858, alijitaja katika beti za mwisho na kutaja pia mwaka wa utungo wake. Beti za tamati ndizo zilizokuwa mahali pa kujitambulisha, na adabu ilimtaka anayejitambulisha aombe radhi na dua kwa wakati uo huo: jina lilikuja likiwa limefunikwa kwa unyenyekevu. Kwa upande wa Mvita mambo yalikuwa tofauti kidogo. Muyaka bin Haji (1776–1840) alijulikana kwa sauti yake katika siasa za enzi ya Wamazrui na mvutano wao na utawala wa Kiomani. Mashairi yake yalienea midomoni mwa watu, na aliyeyasikia alimjua mwenyewe bila ya kuhitaji sahihi.

Lakini ilikuwaje mashairi hayo yakafika kitabuni? Aliyeyakusanya kutoka kwa wazee wa Mombasa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka wa 1890. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London, na mwaka wa 1940 William Hichens akazichapisha Johannesburg kama diwani ya Muyaka. Mtunzi yumo katika anwani, na mhariri anajulikana. Sikujua, ambaye pasi na yeye mhakiki wa baadaye kama Abdulaziz (1979) hangekuwa na malighafi ya kutosha ya kumjadili Muyaka, amebaki katika shukrani. Hakuna ushahidi kwamba Taylor alimdharau, na kwa kweli alimheshimu sana. Tatizo lilikuwa katika muundo wa kazi yenyewe: maarifa yalitoka kwa mmoja na jina likaenda kwa mwingine, kwa sababu ukurasa wa anwani ulikuwa mikononi mwa mchapishaji wa Ulaya.

Kijuma hakuwa na ukurasa wa anwani. Alichokuwa nacho ni tamati, na aliitumia kama fundi anavyotumia chombo anachokijua. Ni muhimu kukumbuka kwamba alikuwa fundi kweli kweli kabla ya kuwa msaidizi wa wataalamu. Alichonga mbao na milango, alipiga kinanda, alijua ngoma na nyimbo zake, alitunga, na khati yake ilisifiwa. Mchonga mlango wa Lamu humfanyia kazi mwenye nyumba aliyemwagiza, hujadiliana naye kuhusu ujira, na mlango ukisimama wapita njia huuliza ni kazi ya nani. Msimamo huohuo ndio Kijuma aliouhamishia kwenye karatasi. Nakala zake nyingi humtaja aliyeandika, na pengine humtaja hata aliyeandikiwa na tarehe ya kumaliza. Mwandiko wake ni mpana na wazi. Aliongeza alama katika herufi za Kiarabu ili sauti za Kiswahili ambazo khati ya kawaida haikuzitofautisha zipate kusomeka. Msomaji wa Lamu aliyeujua utendi kwa moyo hakuzihitaji alama hizo sana. Aliyezihitaji ni mgeni, na mgeni ndiye aliyekuwa mteja.

Wateja wenyewe wanajulikana. Taylor alikuwa miongoni mwao. Alice Werner, aliyezuru Afrika ya Mashariki kati ya 1911 na 1913 na baadaye akafundisha Kiswahili katika chuo cha taaluma za Mashariki mjini London, alikuwa mwingine, kisha Hichens, na mwaka wa 1936 Ernst Dammann, Mjerumani aliyekaa Lamu pamoja na mkewe akikusanya tungo ambazo sehemu yake ilitoka kitabuni Hamburg mwaka wa 1940. Watu hawa hawakuwa kundi moja, wala maslahi yao hayakuwa mamoja. Jambo lililowaunganisha ni kwamba kila mmoja alimpokea Kijuma kwa mapendekezo ya kazi yake ya awali. Nakala iliyotumwa London ilikuwa barua ya utambulisho kwa mteja atakayefuata.

Wapo wanaoliona jambo hili kwa jicho la kulaumu: kwamba Kijuma aliiuza hazina ya jamii kwa wageni. Hoja hiyo ina udhaifu. Jamii hiyohiyo ilimlipa mnakili siku zote, na kitabu kilichonakiliwa kwa mkono kilikuwa na bei hata pale ambapo mnunuzi alikuwa jirani. Zaidi ya hayo, hoja ya kuuza hazina humfanya Kijuma kuwa mlinzi wa ghala tu, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mtunzi. Utendi wa Siraji aliutunga kwa ajili ya mwanawe Helewa, katika mkondo wa nasaha ambao Mwana Kupona aliufanya maarufu. Lawama inayostahili kuchunguzwa iko kwingine, nayo inawahusu wahariri kuliko inavyomhusu yeye.

Chukua mfano wa Utendi wa Fumo Liyongo. Ngano za Liyongo zilikuwa zimeenea Pwani kwa muda mrefu. Steere alikwisha kuchapisha sehemu yake mwaka wa 1870. Utendi unaosomwa sana vyuoni, hata hivyo, ni ule wa 1913, nao umetoka mkononi mwa Kijuma. Toleo la Dar es Salaam la 1973 lilimweka kama mtunzi. Wahakiki wengine humwona kama mhifadhi aliyepanga upya masimulizi yaliyokuwapo. Mvutano huu hauwezi kutatuliwa kwa kuuliza tu nani alisema kwanza, kwa kuwa katika utendi wa aina hii kuhifadhi na kutunga ni kazi zilizoshikana. Lakini msomaji angalau anapaswa kujua kwamba Liyongo anayemchambua kama shujaa wa jadi, pamoja na mfuatano wa visa vyake, ugomvi wake na mfalme wa Pate na kifo chake kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe, amempata kwa mpangilio wa mtu mmoja aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20, katika kipindi ambacho wageni walikuwa wakizitafuta habari hizo. Kuna tasnifu nyingi za uzamili zinazojenga dhana ya ushujaa wa Waswahili wa kale juu ya matini hii pasi na kulitaja jambo hilo.

Tatizo la pili ni la kifilolojia, nalo ni zito zaidi. Mhariri wa tungo ya kale hutafuta nakala nyingi kadiri inavyowezekana, huzilinganisha, na pale ambapo nakala kadhaa zinakubaliana huwa na imani kwamba neno hilo ndilo la asili. Kanuni hii ni nzuri, kwa sharti kwamba nakala zimetoka kwa watu mbalimbali. Kijuma alinakili tungo ileile zaidi ya mara moja, kwa wateja tofauti, na nakala hizo zimetawanyika katika maktaba za London na Ujerumani. Mhariri akizikuta nakala tatu katika makusanyo matatu yenye majina matatu ya Kizungu, ni rahisi adhani ana mashahidi watatu. Kumbe shahidi ni mmoja aliyeitwa mara tatu. Na shahidi huyu hakuwa mashine: alikuwa malenga mwenye sikio, aliyeweza kurekebisha mizani iliyopwaya au kubadilisha neno lililomkera, na angeweza kufanya hivyo kwa njia tofauti katika kila nakala. Makubaliano baina ya nakala zake huonyesha alivyopenda yeye, na tofauti zake huenda zikachukuliwa kimakosa kuwa ni tofauti za mapokezi.

Ajabu ni kwamba Kijuma mwenyewe alitoa tiba ya tatizo hili. Alitia sahihi. Laiti majina ya makusanyo yangepangwa kwa waliyoyaandika badala ya waliyoyanunua, utata huu usingedumu kwa muda mrefu hivyo. Lakini utaratibu wa maktaba ulifuata mmiliki: kuna makusanyo ya Taylor, ya Hichens, ya Dammann. Hadhi ambayo mnakili aliipigania ukurasa kwa ukurasa ilifutwa na bandiko la nje ya kasha.

Marekebisho yalianza taratibu. Mwaka wa 1983 Mohamed Abou Egl aliwasilisha London tasnifu ya uzamifu kuhusu maisha na kazi za Kijuma, na kwa mara ya kwanza mtu huyu akawa mada kuu badala ya kuwa tanbihi. Mwaka wa 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa matini zake kutoka katika karatasi za Dammann na makusanyo mengine, na anwani ya kitabu hicho inaanza kwa jina lake. Katika Afrika ya Mashariki mabadiliko ya aina hiyo yalikuwa yameonekana mapema zaidi, ingawa kwa tungo za wakati uliopo: Malenga wa Mvita (1971) ni diwani ya Ahmad Nassir, na Shihabuddin Chiraghdin aliyeihariri anajulikana kwa kazi yake ya uhariri. Hapo mtunzi na mhariri wote wawili ni wenyeji, na kila mmoja amepata haki yake bila ya kummeza mwenziwe. Sikujua hakuipata nafasi kama hiyo.

Kazi iliyobaki ni ya uchapa kazi kuliko ya nadharia. Kila toleo la utendi wa kaskazini linalotumika katika idara za Kiswahili linahitaji kupitiwa upya kwa swali moja la awali: ni nakala ngapi kati ya zilizotumiwa zimetoka mkononi mwa Kijuma? Kwa matoleo mengine huenda jibu likawa moja tu, na matini isitikisike. Kwa mengine, beti ambazo zimefafanuliwa kwa miaka mingi kama sauti ya Pate au ya Lamu ya karne ya 18 zitalazimika kusomwa kwanza kama chaguo la mzee mmoja wa Lamu, aliyeandika kwa wino mzuri, akijua vyema nani angesoma na nani angelipa.