Kilemba cha Baba na Mkaja wa Mama

Aliyelelewa na wazazi wenye nafasi, ambao mkono wao umezoea kutoa kuliko kupokea, huijua tabu inayomfika siku anapotaka kuwarudishia shukurani. Kwani kila akitupa jicho nyumbani kwao haoni pengo la kuziba: kasha limejaa kanga zisizokatwa, kanzu zimekunjwa na kufukizwa udi, na akimwuliza mama anatamani nini, jawabu ni lile lile la siku zote, kwamba hataki kitu ila kuwaona wanawe wazima. Tabu hii si ya leo. Wazee wa pwani yetu waliikuta kitambo, na katika jambo la arusi waliipatia dawa ambayo mimi kila nikiitazama huistaajabia: hawakujishughulisha na haja ya mzazi, bali walikumbuka vitu alivyovivaa na kuvitumia wakati wa kumlea mtoto, wakaipa kila hidaya jina la kitu hicho.

Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bi arusi mwenyewe, wala baba hana fungu ndani yake. Lakini pembeni mwa mahari Waswahili waliweka ada zao ambazo sharia haikuziamrisha, nazo ni kilemba cha baba na mkaja wa mama, na mahali pengine ubeleko, ambao pia ni wa mama. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kusomesha Kiswahili Berlin, na ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilichapishwa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903, aliziandika ada za arusi za Mrima kwa utulivu wa mtu asiyeona ajabu yoyote ndani yake. Na huo ni ushahidi kwamba zama zake jambo hili lilikwisha kuwa la kale.

Sasa na tuutazame mkaja, maana ndani yake mna mengi. Mwanamke akishajifungua, mkunga humkanda kwa maji ya moto, akampaka mafuta, kisha akatwaa kitambaa kirefu na kumfunga tumboni, mzingo juu ya mzingo, akivuta kwa nguvu huku mzazi akishikilia mlango au bega la shangazi yake, mpaka tumbo libane na kiuno kinyoke. Na kitambaa hicho hufunguliwa na kufungwa tena kila siku, hata arobaini iishe. Huo ndio mkaja. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na naweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba ndiyo nguo inayokojolewa kuliko zote nyumbani. Basi mkwe anapotoa mkaja na ubeleko, hata kama mama huyo ana majumba na mashamba ya mikarafuu, huwa anamwambia jambo ambalo ulimi wa mwanamume huona haya kulitamka mbele ya mkwewe: kwamba anajua binti huyu alitoka tumboni mwa nani, na alipanda mgongo wa nani.

Nguo yenyewe iliyofanyiwa kazi hiyo, katika karne ya 19, aghalabu ilikuwa merikani, na hapa inafaa tuingie kidogo sokoni. Seyyid Said wa Unguja alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, mjumbe wao akiwa Edmund Roberts, na baada ya miaka minne akaja Unguja balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem. Na majahazi ya mji huo wa Salem ndiyo yaliyoleta magora ya nguo nzito isiyotiwa rangi, yakarudi na pembe na sandarusi. Vita vyao wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hata 1865 viliharibu biashara hiyo, nafasi yao ikashikwa na nguo za Uingereza na za Bombay, lakini jina halikuondoka: nguo iliyofumwa Bombay nayo ikaitwa merikani, na wengi waliofungwa mikaja hiyo hawakujua wala hawakuhitaji kujua kwamba wamejifunga jina la nchi.

Ama kilemba, shani yake ni nyingine. Hicho si kitambaa cha uchungu, ni cha adhama. Vilemba vizuri vilitoka Maskati, vyenye pindo za rangi. Na katika Mrima jumbe alipotawazwa alivikwa kilemba mbele ya watu, kuwa ni alama ya madaraka yake. Kwa hiyo baba anayepewa kilemba siku ya kumwoza binti yake, ni kana kwamba anatawazwa kwa ule ujumbe wa nyumbani alioushika miaka yote bila ya kushangiliwa na mtu. Tena heshima hii hawakupewa wazazi wa arusi peke yao: kijana aliyehitimu kazi ya useremala au ushoni alimpa fundi wake kilemba, na kungwi naye alipewa chake, mwali alipotoka. Ndipo watu wakapata na msemo wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa za bure. Na msemo huo usingekuwa na makali lau kilemba cha kweli hakingekuwa na thamani machoni pa watu.

Nguo haikukaa nguo daima. Kwanza ililinganishwa na reale za fedha, kisha rupia, kisha shilingi, iliyoingia Kenya na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kuiondoa rupia Unguja mwaka 1936. Hata leo mshenga akisema kilemba na mkaja, watu wote barazani wafahamu kwamba anataja hesabu ya fedha. Wako wanaolaumu, wakisema kwamba hapo ndipo uchuuzi ulipoingia. Mimi siwapingi moja kwa moja, kwani nimekaa katika posa ambamo mkaja ulishindaniwa kama bei ya samaki. Lakini naona lawama haiihusu fedha. Mzazi mwenye nafasi aghalabu haweki hata senti: kilemba hukigawa kwa ndugu zake wa kiume, na mkaja huupitisha kwa mashangazi, kungwi na wapishi, na mtu ambaye maisha yake yote raha yake ni kutoa, hana zawadi impendezayo kuliko ile inayompa la kutoa. Kosa ni kuitoa fedha uchi, pasipo nguo, kwani hapo jina hubaki bila ya mwenyewe.

Nilikuwapo siku moja katika nyumba ya jamaa zangu, mama wa bi arusi akiwa mwanamke tajiri, mpole, asiyependa makuu. Washenga waliingia na sinia iliyofunikwa kawa. Kawa ilipofunuliwa palikuwa na tambuu, na bahasha mbili nene. Ile ya baba ilipokelewa. Ile ya mama alipoletewa ndani, aliishika, akaipima kwa kiganja bila ya kuifungua, akauliza, "Na mkaja wenyewe uko wapi, wanangu?" Washenga wakatazamana. Kijana mmoja akatumwa dukani mbio, akarudi na mikono minane ya merikani iliyokunjwa katika gazeti. Yule mama aliita kungwi na wapishi, akawagawia fedha yote hapo hapo jikoni. Kitambaa akakitia kashani, juu ya kanga zake.

Mwaka wa pili binti yule alijifungua mtoto wa kiume. Mama alikwenda na kitambaa kile chini ya buibui lake, akamkabidhi mkunga, naye akamfunga nacho.